Baina ya Tupa na Kutupa

Sanduku lenyewe halikuwa na uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Lilikuwa la mbao za msonobari, limepakwa rangi nyeusi iliyokwisha kubanduka pembeni, na bawaba yake moja ilikuwa imefungwa kwa waya. Nililikuta asubuhi ya Jumapili moja katika uwanja ulio nje kidogo ya jiji la Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo watu huegesha magari yao, hufungua buti, na kuuza vitu walivyochoka kuviweka nyumbani. Muuzaji alikuwa kijana aliyekuwa akiondoa vitu katika nyumba ya jamaa yake aliyefariki. Alinitajia bei, nami nikanyamaza kidogo nikikitazama kilichomo. Akadhani naona ghali, akapunguza mwenyewe. Alisema nisipolichukua litakwenda kwenye chuma chakavu jioni ileile.

Ndani mlikuwa na randa moja ya chuma, randa ndefu ya mbao, patasi sita, msumeno wenye kishikio kilichochongwa vizuri, keekee ya kuzungusha kwa mkono, tupa tatu, timazi, na kinoo kilichobonyea katikati kwa kunolewa miaka mingi. Takriban kila chuma kilikuwa kimevaa kutu. Mbele ya randa ya mbao palikuwa pamegongwa majina mawili kwa muhuri, moja chini ya jingine. La juu limelika hata herufi zake za mwisho hazisomeki. La chini bado lina kingo kali. Ilikuwa desturi ya mafundi wa nchi hii kugonga majina yao kwenye zana zao, ili zisichanganyike na za wenzao kazini; na randa ilipohamia kwa fundi mwingine, yule mpya aligonga lake pembeni au chini ya lile la kwanza. Ziko randa zenye majina matatu, hata manne. Upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku mtu alikuwa ameandika hesabu kwa penseli: vipimo vya mbao, jumla, na mstari mrefu uliokata jumla ile kwa sababu ilikosewa.

Nimezisafisha zana hizo kwa muda wa majira mawili ya baridi, jioni, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Mimi si seremala. Ni binti wa seremala, jambo ambalo nitalirudia baadaye kwa kuwa sina njia ya kulikwepa. Nilichogundua ni kwamba kila hatua ya kazi hii inamtaka mtu ajibu swali la kimaadili kabla hajashika msasa. Je, anayekarabati kitu cha mtu aliyekufa anamheshimu au anamfuta? Na kama anamfuta, je, afadhali angekiacha kioze?

Kiswahili kimeliweka swali hili katika neno moja. Tupa ni kifaa cha kunolea, chuma chenye meno madogo kinachorudisha makali kwenye msumeno na jembe. Tupa pia ni amri ya kuondosha kitu machoni. Wanaisimu watatuambia kwamba maneno haya yamekutana kwa sauti tu, na kwamba hayana nasaba moja. Naam. Lakini mtu aliyesimama mbele ya sanduku la kutu ana mambo hayo mawili tu ya kuchagua, na lugha yake inampa yote mawili kwa silabi zilezile.

Neno la pili ni chombo. Kwetu chombo ni kifaa, ni sahani, na ni jahazi. Wanafalsafa wa Kiyunani walipotaka kuuliza juu ya utambulisho wa vitu, walichukua mfano wa chombo cha baharini. Plutarki anaeleza kwamba Waathene walihifadhi meli ya Theseus kwa karne nyingi, wakiondoa ubao uliooza na kutia ubao mpya mahali pake, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakisema ni meli ileile, wengine wakikana. Fundi wa majahazi wa Lamu, Nungwi au Sur angeona ajabu kusikia kwamba jambo hili ni fumbo. Chombo hupandishwa pwani, hutolewa mbao zilizoliwa na mchwa wa baharini, hutiwa nyingine, hupigwa kalfati, na hurudi majini kwa jina lake lilelile. Kwake yeye utambulisho wa jahazi haumo ndani ya ubao. Umo katika umbo, katika jina, katika mwenye chombo, na katika safari zinazoendelea.

Thomas Hobbes, mwaka 1655, alilitia fumbo hili chumvi. Alisema: tuseme yuko mtu aliyekuwa akiziokota mbao zote zilizotupwa, akaziweka, kisha akaziunga upya kwa mpango uleule. Sasa kuna meli mbili. Ipi ni ya Theseus? Mara nyingi tunapousoma mfano huo darasani tunamtazama Theseus na meli zake. Mimi, tangu nilipolinunua sanduku, nimeanza kumtazama yule mwokota mbao. Alitaka nini? Kwa nini alijisumbua? Hobbes hakumpa jina wala nia. Lakini ndiye anayefanana nasi tunaotembea katika masoko ya Jumapili tukiinama juu ya vitu vya marehemu.

Zana, hata hivyo, ina tabia ambayo jahazi halina. Jahazi huharibiwa na bahari. Zana huliwa na kazi yake yenyewe. Patasi kila inaponolewa hupungua. Patasi iliyofanya kazi miaka sitini huwa fupi kuliko ndugu yake iliyolala dukani, na ufupi huo ndio wasifu wake. Hakuna ukarabati utakaourudisha ule urefu. Basi mtu anayesema kwamba amekirudisha kifaa katika hali yake ya mwanzo, ama hajui asemalo, ama ameng'arisha uso wa kitu ili kudanganya macho ya mnunuzi. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Na katika biashara ya vitu vya kale unyemi huo umekuwa bidhaa: mtu huuziwa upya wa bandia uliopakwa juu ya uzee wa kweli.

Mabishano haya yana historia ndefu Ulaya, na kwa sadfa yanapita katika jiji hilihili. Mfaransa Viollet-le-Duc, msanifu aliyekarabati makanisa na ngome nyingi za nchi yake katika karne ya 19, aliamini kwamba kukarabati jengo ni kulipa ukamilifu ambao huenda halikuwahi kuwa nao wakati wowote. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya taa saba za usanifu majengo, alishika msimamo wa kinyume: kwake ukarabati wa namna hiyo ni uongo, kwa sababu mkono wa fundi aliyekufa hauwezi kuigizwa, na jengo ni mali ya waliolijenga na ya watakaokuja, wala si yetu kulifanyia tupendavyo. Ruskin huyohuyo mwaka 1875 alifungua jumba dogo la makumbusho huko Walkley, kilimani juu ya Sheffield, kwa ajili ya mafundi wa chuma, akiamini kwamba mtu anayefanya kazi kwa mikono anastahili kutazama vitu vizuri.

Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa Ruskin. Ni rahisi kuwa upande wake unapozungumzia kanisa. Mbele ya patasi yenye kutu mambo hubadilika, kwa sababu kutu haisubiri hoja ziishe. Chuma kina aina mbili za weusi na wekundu ambazo mtu hujifunza kuzitofautisha kwa vidole. Uko weusi laini unaotokana na mafuta ya mikono na miaka. Huo umetulia, na unakilinda chuma. Na kuna kutu nyekundu, yenye vumbi, inayovuta unyevu na kuendelea kula. Anayeiacha kutu hiyo kwa jina la uaminifu hajahifadhi kitu. Amechagua kuwa shahidi wa uharibifu. Kwa hiyo nililaza vyuma katika siki usiku kucha, nikavisugua asubuhi, nikavisuuza katika maji ya magadi ili kuiua tindikali, nikavikausha haraka na kuvipaka mafuta. Kutu ilitoka. Ule weusi wa mikono niliuacha mahali pote ulipoponea.

Mpaka hapo sikuwa na shaka. Shaka ilikuja nilipofika kwenye makali.

Patasi sita zile zote zilikuwa na kasoro moja: makali yake hayakuwa mraba, yalilala kidogo upande wa kushoto. Fundi yule, katika maisha yake yote, alipokuwa akinoa alikandamiza upande mmoja zaidi. Pengine lilikuwa bega lililoumia, pengine ni alivyofunzwa, pengine ni namna meza yake ilivyokaa karibu na dirisha. Kinoo kilikuwa kimeliwa upande uleule, kana kwamba mashahidi wawili wanatoa ushahidi mmoja. Jina la mtu laweza kuachwa juu ya mbao bila kumzuia anayefuata kufanya kazi. Lakini tabia ya mkono wake iliyoandikwa kwenye makali haiachiki. Ukitaka patasi ikate sawa, uinoe kwa pembe ya nyuzi 25 na kuimalizia kwa nyuzi 30, huna budi kuondoa mlalo ule. Na ukishauondoa, hakuna mtu duniani atakayeuona tena. Ukiuacha, una kumbukumbu ya fundi na huna patasi.

Hapa ndipo ninapoona kwamba kuna mambo mawili tunayoyachanganya tunaposema tunamheshimu aliyetutangulia. Moja ni kuhifadhi alama yake. La pili ni kuendeleza alichokuwa akikifanya. Aghalabu huenda pamoja, ndiyo maana hatuyatofautishi. Lakini kwenye makali ya patasi huachana, na mtu hulazimika kuchagua. Martin Heidegger, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alieleza kwamba nyundo tunapoitumia vizuri hutoweka katika fikra zetu. Tunaiona yenyewe pale tu inapovunjika au kukosekana. Kwa kipimo hicho, patasi iliyowekwa nyuma ya kioo, na mlalo wake wa kushoto umeelezwa kwenye kadi, ni patasi ambayo imevunjika milele. Tunaiona kwa sababu haifanyi kazi.

Sisemi hivyo kwa kuyadharau makumbusho. Katika makumbusho ya Kelham Island, hapahapa Sheffield, umo mkusanyiko wa Ken Hawley, muuza zana aliyefariki mwaka 2014, ambaye kwa miaka mingi alikusanya zana za jiji hili pamoja na vitabu vya bei na kumbukumbu za watengenezaji wake, wakati viwanda vilipokuwa vikifungwa na vitu hivyo vikitupwa. Bila yeye tusingejua mengi. Lazima pawe na mahali ambapo zana zimenyamaza ili zisomwe. Ninachokataa ni kudhani kwamba kunyamaza huko ndiyo heshima ya juu kabisa ambayo kitu kinaweza kupewa, na kwamba kila mwenye sanduku kuukuu nyumbani awe mlinzi wa makumbusho.

Yako pia majina ambayo hayakugongwa. Tunapostaajabia muhuri wa mwenye randa na chapa ya kiwanda, tunasahau waliozinoa patasi zile kwa mara ya kwanza. Tangu Benjamin Huntsman alipobuni njia ya kuyeyusha pua katika vyungu, miaka ya 1740, jiji hili liliishi kwa chuma. Na waliokaa juu ya mawe ya kusagia, wakiinama siku nzima katika vumbi la jawe na chuma, walikufa kwa maradhi ya mapafu, wengi wao kabla ya uzee. Madaktari wa karne ya 19 waliandika habari zao. Majina yao hayamo kwenye patasi yoyote.

Na yako majina ya mbali zaidi, ambayo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuyauliza. Sanduku la zana lililo maarufu kuliko yote katika ulimwengu wa wapenzi wa zana ni la Henry Studley, fundi wa piano wa Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1838 na kufariki mwaka 1925. Ni kasha la kutundikwa ukutani ambalo ndani yake mamia ya zana zimelala kila moja katika kitanda chake, kwa ustadi unaomwacha mtu kinywa wazi. Limepambwa kwa mpingo, kwa lulumizi, na kwa pembe za ndovu. Sina haja ya kudai kwamba kipande fulani cha kasha lile kilitoka kwetu. Inatosha kukumbuka kwamba viwanda vya piano vya Marekani Kaskazini Mashariki vililishwa kwa pembe zilizokatwa katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimboni Connecticut, na kwamba katika karne ya 19 sehemu kubwa ya pembe hizo ilipakiwa Zanzibar. Wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu mwaka 1833, na kitambaa walichotuletea kimeacha jina lao katika lugha yetu mpaka leo: merikani. Pembe zile zilifika pwani juu ya mabega ya wapagazi, wengine wakiwa huru kwa ujira, wengine watumwa, kutoka Unyamwezi na kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mji huu wa Sheffield nao ulitumia pembe nyingi kwa mipini ya visu.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema kwamba zana kuukuu hubeba roho za mikono iliyozishika, nataka kumwuliza: mikono ipi? Heshima kwa zana za kale inaweza kugeuka kuwa njia ya kukumbuka mikono miwili na kusahau mia. Sidhani kwamba dawa yake ni kuacha kuzipenda. Naona dawa ni kutoziacha ziseme hadithi fupi kuliko zinayoijua.

Kuna pingamizi moja kubwa dhidi ya haya yote, nami nimelisikia kwa sauti ya watu wa nyumbani kabla sijalisoma popote. Ukarabati wa namna hii, atasema mpinzani, ni mchezo wa watu wenye nafasi. Anayejiuliza kama afute kutu ya marehemu ni yule ambaye chakula chake cha jioni hakitegemei patasi. Huko kwetu fundi huchukua springi ya gari bovu, huipeleka kwa mhunzi, ikapigwa na kuwa tezo au patasi. Tupa iliyokwisha meno hufuliwa ikawa kisu. Hakuna anayelia kwamba springi imepoteza utambulisho wake. Mbele ya mhunzi wa Gerezani, Dar es Salaam, mimi na mlalo wangu wa kushoto ni watu wa kuchekwa.

Pingamizi hili lina haki, na silijibu kwa kulipinga bali kwa kulifuata mpaka mwisho wake. Mhunzi yule anatufundisha kwamba kitu kuukuu kina thamani kwa kile kinachoweza kuendelea kufanya. Hatupi. Ndiye mwokota mbao wa Hobbes aliye na njaa, na kwa sababu ana njaa haungi meli ileile. Anaunda mashua anayoihitaji. Ikiwa uaminifu kwa zana ni kuendeleza kazi, basi huyu ni mwaminifu kuliko mimi, ingawa haachi alama hata moja ya kilichokuwapo. Lakini usemi wake haufuti ule wajibu mwingine. Mhunzi hajui aliyekuwa na springi ile, wala springi haikuwa mkono wa mtu. Zana ya kazi ni jambo jingine. Nilijifunza tofauti hiyo kwa njia ambayo sijivunii.

Baba yangu alikuwa na kibanda cha useremala Ngamiani, Tanga. Alitengeneza milango, vitanda, na majeneza ilipobidi, ambayo hakuyatoza fedha. Mimi ni kifungua mimba wake. Kazi yangu utotoni ilikuwa kushika ncha ya ubao anaporanda, na kuokota maranda kwa ajili ya jiko. Sikufunzwa kuranda, kwa kuwa nilikuwa msichana, na kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka nisome. Nilikuwa Uingereza nikiandika tasnifu yangu alipofariki, na kwa sababu za viza na nauli sikuwahi maziko. Baada ya hitima baba mdogo alinipigia simu.

"Mwanangu," alisema, "lile sanduku la zana la marehemu tulifanyeje? Wadogo zako wanasema tukusikilize wewe."

Nilikuwa maktaba, nimetoka nje kupokea simu, kuna baridi, na akili yangu iko kwenye sura ya tatu. Nikamwambia: "Baba mdogo, liuzeni tu. Nani atarandia?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mama."

Maneno yale, nani atarandia, yamekaa nami tangu hapo. Yalikuwa maneno ya mtu anayetupa. Niliifahamu falsafa ya vitu kwa kiasi cha kuiandikia sura nzima, na sikuweza kuona kwamba niliulizwa juu ya kitu.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Tanga na nikaulizia. Mji mdogo hauna siri. Niliambiwa zana zimenunuliwa na fundi mmoja kijana upande wa Chuda. Nilimkuta kibarazani pake akiranda ubao wa mninga kwa randa ya baba. Niliitambua kabla sijamwona uso. Kipini chake kilikuwa kimebadilishwa. Jina la baba, alilolichora kwa msumari wa moto, lilikuwepo bado ubavuni, na chini yake kijana alikuwa amechora lake.

Nikajieleza, nikamwambia nataka kuinunua kwa bei yoyote atakayotaja. Hakukasirika. Aliipangusa kwa kiganja, akanitazama kwa huruma, akasema: "Mama, fedha zako nitakula wiki mbili. Nikishakupa randa hii, kesho nitafanyia nini kazi?"

Nilitambua baadaye kwamba kijana yule alikuwa amenisomea sheria ya kale kuliko vyuo vyote nilivyopitia. Torati inakataza kumchukulia mtu jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua rehani uhai wake. Mafakihi wa Kiislamu hawazihesabu zana za kazi za fundi katika mali inayotolewa zaka. Chama cha maseremala kilichoundwa London mwaka 1860 kiliwalipa fidia wanachama waliopoteza zana zao, kwa sababu seremala asiye na zana ni mtu aliyekatwa mikono. Mila hizi tatu hazikuulizana, na zote zimekubaliana kwamba zana ya kazi haiko katika safu moja na mali nyingine. Ni sehemu ya mwili wa anayefanya kazi nayo. Shoka lisilo mpini halichanji kuni, tumeambiwa. Wala mpini usio mkono.

Kutokana na hayo, nimefikia jibu ambalo naliweka hapa kwa msomaji alipime. Nadhani tunadaiwa mambo matatu na zana kuukuu, na yana mpangilio wake. La kwanza ni kwamba ifanye kazi, au iende kwa atakayeifanyisha kazi. Hili ndilo linaloamua yakigongana mengine. Kwa hiyo niliunoa ule mlalo wa kushoto. Niliufuta patasi tano kwa mikono yangu, nikijua ninachokifanya. La pili ni kwamba alama zisizozuia kazi ziachwe: majina, hesabu za penseli, weusi wa mikono. Mwenye haki ya kuongeza jina lake ni yule anayekula kwa zana ile, na ndiyo sababu sikugonga langu. La tatu ni kwamba tusimulie kwa ukamilifu: tusiishie kwenye jina lililogongwa, tumtaje na msagaji wa vumbi na mpagazi wa pembe, hata kama hatuna majina yao.

Msomaji makini atauliza kuhusu patasi ya sita. Hiyo sikuinoa. Kanuni yangu mwenyewe inanihukumu, kwani patasi ile ingeweza kukata na haikati. Nimejaribu kujitetea kwamba ni kwa ajili ya kuwaonyesha wanafunzi, na ni kweli kwamba naichukua darasani kila mwaka ninapofundisha habari ya meli ya Theseus. Lakini ukweli zaidi ni kwamba sikuona mkono wa baba yangu ulivyokuwa ukilala anaponoa. Nilikuwa naokota maranda, sikutazama. Namhifadhia mtu nisiyemjua kile nilichoshindwa kumhifadhia niliyemjua. Huenda hilo si falsafa. Nimeliweka ndani ya hoja kwa sababu limo ndani yake.

Hizo tano nyingine na randa ya chuma nitaondoka nazo Julai, zimefungwa katika kitambaa kilicholoweshwa mafuta, kwenda Chuda. Nilimwandikia fundi yule kumwuliza kama zitamfaa. Alijibu kwa ujumbe mfupi wa sauti: zitamfaa, ila niangalie zisipate unyevu njiani, na kama ninacho kinoo kizuri nisikiache.